Shimo Kabla ya Wimbi

Lukresia Mayala alipopata udaktari wake, kwao Mwitongo watu walileta wagonjwa. Mama mmoja alikuja na mtoto mwenye homa mgongoni, mzee mwingine akaja na goti lililovimba, na Matrida, mama yake Lukresia, akawa na kazi ya kusimama uani kuwarudisha.

"Huyu wangu siyo daktari wa sindano," alisema. "Ni daktari wa mawimbi."

Neno hilo alilitoa kwa shida, kama mtu anayetema mwiba wa samaki, kwa sababu ni mawimbi yaliyomchukua kitindamimba wake, Fredi, miaka minne nyuma.

Mawimbi ya Lukresia, hata hivyo, hayakuwa ya maji. Kwa miaka sita, huku akifundisha fizikia katika sekondari moja ya wasichana mjini Bunda, alikuwa akiandika juu ya kitu kinachoitwa plazma yenye vumbi. Wanafunzi wake aliwaeleza hivi: chukua gesi, ichome mpaka chembe zake zipasuke, umeme hasi uende huku na chanya kule; halafu nyunyizia humo vumbi laini kuliko unga wa muhogo. Kila punje itajikusanyia umeme na kuanza kuwasukuma jirani zake. Vumbi la namna hiyo liko kwenye pete za Zohali na kwenye nyota zenye mkia. Humo hupita mawimbi madogo madogo, yakifuatana kwa adabu. Lakini mara mojamoja, hesabu zinasema, wimbi moja hunyonya nguvu za wenzake, hupanda mara tatu ya kimo chao, kisha huzama na kupotea pasipo kuacha alama. Hilo ndilo wimbi korofi.

Watu walidhani alianza kazi hiyo kwa ajili ya Fredi. Haikuwa hivyo. Alianza miaka miwili kabla, kwa kuwa msimamizi wake alikuwa na mada hiyo tu mkononi. Fredi alipokufa alitaka kuiacha, akashindwa. Kila alipochora wimbi lake kwenye kompyuta, likapanda katikati ya mchoro kama kichuguu, alimwona mdogo wake.

Ajali yenyewe kila mtu wa Butiama na Musoma aliijua. Mtumbwi wa injini ulikuwa unarudi kutoka kisiwani, umebeba watu waliokwenda kuzika. Adhuhuri, jua linawaka, ziwa halina hasira. Karibu na Musoma ukapinduka. Watu tisa walikufa. Nahodha, Mniko, aliogelea na kuwaokoa wawili, kisha akakamatwa. Mahakamani alisema maneno ambayo watu waliyageuza kuwa kichekesho cha vijiweni: "Lilitoka peke yake, likatupiga, halikuwepo tena." Hakimu alimfunga miaka mitatu kwa kuzidisha abiria. Alipotoka, ndugu wa marehemu walimpelekea ujumbe kwamba akikanyaga Kamunyonge, walikokuwa wanaishi mke wake na binti yao, asije akasema hakuonywa. Akaenda Mugeta kuchunga ng'ombe wa mjomba wake.

Huko Mugeta ndiko redio ilikomkuta.

Kituo kimoja cha redio cha mjini Musoma kilimwita Lukresia azungumze dakika tano juu ya udaktari wake. Alieleza vumbi, akaeleza umeme, akaona mtangazaji anapiga miayo. Basi akaeleza wimbi korofi, jinsi linavyonyanyuka kwenye utulivu na kupotea. Mtangazaji akaamka.

"Hata kwenye maji, daktari?"

"Baharini yamepimwa. Ni mlinganyo wa ukoo mmoja."

"Na ziwa letu je?"

"Ziwani sijui," alisema Lukresia. "Sijapima."

Wakati huo muziki ulikuwa umeshaanza kupanda, na wengi hawakulisikia jibu hilo la mwisho.

Siku nne baadaye, mwanamke mmoja mwembamba alifika shuleni Bunda wakati wa mapumziko ya saa nne, ameshika mfuko wa sato waliokaushwa. Alisimama mlangoni pa ofisi ya walimu mpaka Lukresia alipotoka.

"Shikamoo, mwalimu. Mimi naitwa Dorkas. Ni mke wa Mniko."

Lukresia hakuitikia. Mikono yake ilikuwa na chaki, akaanza kuipangusa kwenye sketi.

"Najua Fredi alikuwa mdogo wako," Dorkas aliendelea haraka, kama aliyekariri njia nzima. "Sikuja kukuudhi. Mume wangu amekusikia kwenye redio, amelia. Miaka yote anasemaga hivyohivyo, na mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilikuwaga simwamini. Jumamosi padri anawakutanisha ndugu wa marehemu ukumbini, Butiama, waamue kama anaweza kurudi nyumbani. Binti yetu Grace anapata kipaimara mwezi ujao. Njoo useme tu, mwalimu. Useme kwamba wimbi hilo lipo."

"Dorkas, mimi nasoma vumbi. Vumbi la huko juu, siyo maji."

"Mimi vumbi silijui. Nakuomba umwone tu. Muulize unayotaka. Ukiona ni mwongo, basi, usije."

Aliweka mfuko wa samaki kwenye ngazi, akaondoka bila kungoja jibu.

Alhamisi, baada ya vipindi, Lukresia alipanda pikipiki mpaka Mugeta. Mwenyewe alijiambia kwamba anakwenda kumkamata mtu kwenye uongo. Alikuwa na daftari na maswali kumi na moja.

Alimkuta Mniko kwenye lambo, ng'ombe wakinywa. Alikuwa mwanamume mkubwa aliyepungua ghafla, shati limemzidi mabega. Alipoambiwa mgeni ni nani, alivua kofia na kuishika kwa mikono miwili.

"Mlikuwa wangapi?" Lukresia aliuliza kabla ya salamu.

"Ishirini na wawili."

"Mtumbwi unabeba?"

"Kumi na sita." Hakutazama pembeni. "Hilo sijawahi kukataa, mwalimu. Walikuwa wametoka msibani, kila mtu anataka kurudi. Nikasema ziwa limetulia. Kosa hilo ni langu, nimefungwa kwa ajili yake, na hata sasa halijaisha."

Lukresia aliandika. Akauliza upepo ulitoka wapi. Akauliza mawimbi yalikuwaje kabla.

"Madogo. Yanafuatana, kama hawa ng'ombe wanavyoingia majini, huyu nyuma ya huyu. Yanagusa ubavu tu."

"Halafu wimbi likaja."

"Hapana," alisema Mniko. "Wimbi halikuja kwanza. Kwanza lilikuja shimo."

Kalamu ya Lukresia ilisimama.

"Shimo gani?"

"Maji yalishuka. Mbele yetu, kama mtu amechota kwa kata. Mtumbwi ukainama mbele, tukawa tunatazama chini. Fredi alikuwa amekaa mbele kabisa. Ndiye aliyeliona kwanza. Akageuka akaniambia, 'Kaka, maji yamekwenda wapi?' Sijamjibu, ndipo ukuta ukasimama nyuma ya lile shimo. Nimekuwa nahodha miaka kumi na mmoja, sijawahi kuona maji yamesimama namna ile. Yakatuangukia. Nilipoibuka, ziwa lilikuwa kama lilivyokuwa. Madogo, yanafuatana."

"Mahakamani ulisema hili la shimo?"

"Nilianza. Watu walicheka. Nikanyamaza."

Lukresia alifunga daftari. Kwenye mchoro wake, ule wa vumbi na umeme, ambao katika mkoa mzima hakuna aliyeuona isipokuwa yeye, kichuguu kile cha katikati hakikusimama peke yake. Mbele yake na nyuma yake palikuwa na mashimo mawili. Wimbi linanyonya jirani zake, na jirani walionyonywa wanabaki shimo. Mtu anayebuni wimbi la uongo hubuni mlima. Nani hubuni shimo?

Alimuaga Mniko bila kumwambia lolote. Kwenye pikipiki alijikuta analia, na upepo ukamkausha machozi kabla hajafika barabara kubwa.

Ijumaa jioni alikwenda Mwitongo. Matrida alikuwa anapepeta mtama. Habari zilikuwa zimemfikia kabla ya binti yake.

"Umekwenda kumwona."

"Nimekwenda, mama."

"Amesema nini?"

Hapo ndipo Lukresia alipopaswa kusema. Maneno ya mwisho ya Fredi yalikuwa mdomoni mwake. Lakini alimtazama mama yake, mikono ile ilivyokaza ungo, akafikiri: nikimwambia mwanao aliona kifo kinakuja na akauliza swali, atalala vipi?

"Amesema alizidisha abiria."

"Eeh." Matrida alitikisa ungo, makapi yakaruka. "Sikiliza, Lukresia. Mimi sijasoma. Lakini yule mtu alinirudishia mwanangu baada ya siku nne, kichwa kimefunikwa ili nisione. Kesho ukisimama ukamtetea, usiniite mama. Niite Matrida, kama wanavyoniita wa sokoni."

Jumamosi ukumbi wa parokia ulijaa kabla ya saa nne. Padri Stanslaus alikaa katikati, kulia kwake ndugu wa marehemu, kushoto Mniko na Dorkas peke yao kwenye benchi ambalo wangeweza kukaa watu sita. Msemaji wa ndugu alikuwa Kasmiri, mjomba wake Lukresia, fundi seremala mwenye sauti ya kupima maneno. Nyuma yake alikaa Mseti, mfanyabiashara wa Musoma, ambaye mke wake, Dorah, alikufa siku ile akiwa na mimba ya miezi saba. Asubuhi nzima Mseti alikuwa anamtazama Mniko tu, bila kupepesa.

Mambo yalizunguka saa nzima, kisha Kasmiri akageuka.

"Mpwa wangu, wewe ndiye msomi wetu. Huyu anasema wimbi lilitoka peke yake. Redioni ulisema yapo mawimbi ya namna hiyo. Tuambie mbele za watu. Siku ile lilikuwepo, au halikuwepo?"

Lukresia alisimama. Aliona Dorkas amefumba macho, midomo inacheza kwa sala. Aliona mama yake, ameketi wima, kanga ya msiba ameifunga kiunoni kama siku ya kwanza.

"Ninachosoma ni plazma yenye vumbi," alisema. "Vumbi siyo maji. Milinganyo inafanana, lakini kufanana siyo kuwa kitu kimoja. Ziwa hili halijapimwa kwa jambo hilo. Mtumbwi pia ulikuwa umezidi, na mtumbwi uliozidi hauhitaji wimbi kubwa. Kwa hiyo, mjomba, kama lilikuwepo au halikuwepo, mimi sijui."

"Hujui."

"Sijui."

Hakukuwa na neno moja la uongo. Angeweza kuitetea kila sentensi mbele ya jopo la maprofesa, na hakika alikuwa ameshafanya hivyo. Ila alikuwa anajua pia lile la shimo, na alilikalia.

Mniko aliinua uso. Alisubiri kidogo, kama mtu anayesubiri mwenzake amalizie. Lukresia alipoketi, akainamisha kichwa.

"Asante, mwalimu," alisema.

Ndugu waliamua abaki Mugeta.

Kipaimara kilikuwa Jumapili ya tatu ya mwezi uliofuata, mjini Musoma. Mniko alikuwa ameambiwa asije, na Dorkas mwenyewe alimpigia simu kumsihi. Alikuja. Alisimama nje ya kanisa, upande wa dirisha, amevaa shati jeupe la kuazima, akamwona Grace akipakwa mafuta kipajini. Misa ilipoisha alitaka kumshika mkono tu kisha arudi stendi. Hakufika hata ngazi. Mseti alikuwa ndani ya kanisa hilohilo, binti wa kaka yake naye alikuwa anapata kipaimara. Alipomwona alipiga kelele moja, jina la mke wake, na vijana wawili wa ukoo wakamfuata. Watu waliokuwepo wanasema kipigo kilichukua muda mfupi kuliko inavyochukua kusimulia. Grace alikuwa bado ameshika mshumaa.

Mniko aliishi siku mbili hospitalini. Ya tatu akafa.

Lukresia alipata habari akiwa darasani. Mwalimu mwenzake, Isidori, alimwita nje, akamweleza, kisha akaongeza kitu ambacho hakujua uzito wake.

"Wanasema Mseti hata hakimbii. Amewaambia polisi, 'Yule muuaji. Hata daktari wa mawimbi alisema hakukuwa na wimbi.'"

"Sikusema hivyo," alisema Lukresia.

"Mimi sikuwepo. Ndivyo alivyosema."

"Nilisema sijui, Isidori. Nilisema sijui."

Alirudi darasani akamaliza kipindi. Wanafunzi wanakumbuka kwamba aliandika ubaoni mstari uleule mara tatu.

Siku iliyofuata alikwenda Kamunyonge. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka uani, Dorkas katikati yao, amejifunga kitambaa kichwani. Walimpisha kwa sababu hawakumjua. Alipiga magoti mbele ya mfiwa, na kwa sauti ndogo akamweleza yote: shimo, mchoro wake, mashimo mawili, na jinsi alivyofunga daftari.

Dorkas alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ulikuwa unajua siku ile? Ukumbini?"

"Nilikuwa najua."

"Alirudi Mugeta akiwaza labda kweli aliota. Aliniambia kwenye simu. 'Labda niliota, mama Grace. Daktari mwenyewe hajui.'" Akakaza kitambaa kichwani. "Mimi na sala zangu zote pale kwenye benchi."

"Nisamehe."

"Usiniombe mimi. Mimi sina kitu cha kukupa leo." Aligeuza uso. "Kaseme palepale ulipolikalia. Kwa walewale."

Padri Stanslaus aliwaita tena ndugu baada ya mazishi. Mara ya kwanza walikuja arobaini. Mara hii walikuja tisa, Kasmiri akiwemo, na Matrida. Dorkas hakuja. Ukumbi ulikuwa na mwangwi. Lukresia alibandika ukutani karatasi ya mchoro wake, akaeleza kwa kidole: hapa mawimbi madogo, hapa shimo, hapa ukuta, hapa shimo tena.

"Kwa hiyo sasa unasema lilikuwepo?" Kasmiri aliuliza.

"Bado sijui, mjomba. Huenda sitajua kamwe. Lakini yule mtu alieleza kitu ambacho asiyekiona hawezi kukibuni, na mimi ndiye mtu pekee hapa niliyeweza kukitambua. Nilikitambua, nikakificha. Nimekwenda polisi kuandika maelezo. Nilitaka na ninyi msikie kwangu." Aligusa shimo la kwanza kwenye mchoro. "Aliyeliona shimo kwanza ni Fredi. Aligeuka akasema, 'Kaka, maji yamekwenda wapi?' Hilo nilimficha mama."

Matrida alikuwa ameshika ukingo wa benchi.

"Alisema 'kaka'?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Alimwita yule kaka."

"Ndiyo."

Matrida aliinuka taratibu. Wote walidhani anatoka, wakampisha njia. Hakutoka. Alisogea mpaka kwenye ile karatasi, akaitazama kwa karibu kama anayetafuta sura ya mtu ndani yake.

"Waliponiambia yule mtu amekufa," alisema, uso ukiwa bado ukutani, "nilichinja jogoo. Niliwaita majirani. Sikuwaambia ni kwa nini, lakini walijua, na walikula. Nilifurahi, Lukresia. Toka Fredi afe sikuwahi kusikia njaa, lakini siku ile nilikula mpaka nikashiba."

Kasmiri alimwendea dada yake kumshika bega. Matrida akauondoa mkono wa kaka yake.

"Niache. Hiki ni changu."

Waliondoka pamoja, mama na binti, wakapita njia ya mashambani. Walipofika Mwitongo, Matrida aliingia ndani na kufunga mlango. Lukresia alikaa nje, mgongo ukutani, mpaka jua likahamia upande wa pili wa nyumba. Hatimaye mlango ulifunguliwa, mama yake akampa kikombe cha uji.

Kesi ya Mseti bado inaendelea. Lukresia ameitwa shahidi mara mbili, mara zote mbili ikaahirishwa. Ameandika barua sehemu tatu kuomba kifaa cha kupima kimo cha maji kiwekwe ziwani. Sehemu moja ilimjibu kwamba ombi limepokelewa. Grace alihamia kwa shangazi yake Tarime. Dorkas anauza samaki mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na Lukresia akipita Musoma humsalimia. Dorkas huitikia, kwa kuwa salamu haikataliwi, kisha huinama kuendelea kuparua magamba.

Na pale Mwitongo, kila mwaka siku ya kumbukumbu ya Fredi, katekista husoma jina moja la marehemu. Mwaka huu Matrida alimwandikisha mawili.